Shura Kwenye Majani

Punda afe, mzigo ufike. Mkenya huitoa kauli hii bila kufikiri: usiku wa kuamkia mtihani, siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi, ama kwenye matatu iliyobeba watu ishirini na wanne badala ya kumi na wanne. Inachekesha mpaka siku utakapoisoma kama sentensi ya historia. Hapo utaona kuna mzigo, kuna mwenye mzigo ambaye hatajwi popote, na kuna punda ambaye kifo chake kimeshaingizwa kwenye hesabu kabla safari haijaanza. Kauli haiulizi punda alikufa kwa nini.

Kisiwa cha Mombasa kinafaa kuulizia swali hilo, kwa sababu ni mji wa mizigo. Na ni mji wa mizigo usio na farasi. Tembea Ndia Kuu kuanzia Fort Jesus mpaka Bandari ya Kale, angalia milango, baraza, vichochoro vya Kibokoni. Kila kitu hapo kilipimwa kwa mabega ya mtu au kwa mgongo wa punda. Hata lugha imekaa hivyo. Punda ni neno letu la Kibantu. Farasi tumelipata kwa Waarabu, faras, pamoja na mnyama mwenyewe, ambaye alikuja mara chache na mara nyingi hakudumu. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2022 uliwatafuta punda wa dunia nzima asili yao ukafikia Afrika ya mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo punda ni mwenyeji. Farasi ni mgeni wa hishima.

Mgeni huyu alikuwa mali. Said bin Sultan alipotaka kumpendeza rais wa Marekani, zawadi alizopakia kwenye jahazi la Sultana, lililotia nanga New York mwaka 1840, zilikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Matajiri wa Unguja na Mombasa wenyewe walipenda punda wa Maskati, wale weupe, warefu, ambao mtu angeweza kumpanda kwenda barazani bila kuonekana maskini. Farasi ulikuwa ukimpata unamwonyesha watu, halafu unamzika.

Kwa nini alikufa? Jibu la watu wengi lilikuwa hewa, au jicho, au tu kwamba pwani haimtaki. Jibu la kitaalamu lilikuja mwaka 1895. Huko Zululand, daktari wa jeshi David Bruce aliangalia damu ya wanyama waliokuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa ulioitwa nagana, akaona kijidudu kinachoogelea. Akathibitisha kwamba kinabebwa na mbung'o. Mbung'o ndiye aliyeifunga nyika iliyo nyuma ya pwani yetu kwa farasi, nyumbu na ng'ombe, karne kwa karne. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibebwa vichwani na wapagazi. Watu huelezea jambo hilo kama vile Waswahili hawakuwahi kufikiria mnyama. Walimfikiria. Alikufa.

Mwaka huohuo wa 1895, tarehe 1 Julai, Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na Desemba mhandisi mkuu wa reli, George Whitehouse, akashuka Mombasa. Reli ilianza kutandikwa mwaka 1896. Wanyama wa mizigo waliletwa kusaidia kuvuka nyika ya Taru, na mbung'o akawamaliza kwa wingi. Kazi ikarudi kwa watu: vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao wakafa kabla treni haijafika ziwani mwaka 1901. Tunawakumbuka simba wa Tsavo kwa sababu simba wana sinema. Inzi hana.

Kisiwani kwenyewe suluhisho lilikuwa la ajabu zaidi. Kampuni ya Imperial British East Africa, ile ya Sir William Mackinnon, ilikuwa imejaribu kujenga kireli chembamba kwenda bara mwaka 1890, ikashindwa baada ya maili chache. Vyuma vyake vikahamishiwa kisiwani vikawa njia za toroli. Kwenye picha za zamani utaona kiti cha mbao chenye paa la kitambaa, abiria amevaa kofia ya jua, na nyuma yake wanaume wawili au zaidi wenye kanzu nyeupe wanasukuma, mbio, juu ya reli. Kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini, miaka nenda rudi, mpaka magari yalipoingia. Mahali pengi kwingine duniani wakati ule hicho kingevutwa na farasi. Hapa mtu alichukua nafasi ya farasi, na mkokoteni wa hamali unaoupisha leo kwenye Biashara Street ni mjukuu wa toroli ile.

Halafu ikaja vita ya 1914. Kilindini ikawa mlango wa jeshi zima. Farasi, nyumbu na punda walishushwa kwa makumi ya maelfu, na wengi mno wakafa kwa mbung'o, kwa tauni ya farasi, kwa njaa na kwa uchovu. Kila mnyama alipoanguka, mzigo wake uligawiwa wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona ndogo. Kwenye mnara wa askari wa Nairobi, mmoja wa wale watu watatu ni mpagazi. Mnyama hayupo, na sidhani alistahili kuwekwa kabla ya watu. Ila kifo chake kilikuwa hatua ya kwanza ya kifo cha mpagazi. Aliyesema punda afe hakumaliza sentensi: punda akifa, wewe ndiwe unayebeba.

Mpaka hapa inzi amebeba lawama yote, na anastahili nyingi. Lakini mbung'o alikuwa mkubwa kiasi kwamba aliwafunika wauaji wadogo. Mnyama huuawa pia na kile anachokula. Marco Polo, karne ya 13, aliwaona wafanyabiashara wa Ghuba wakiwauzia wafalme wa kusini mwa India maelfu ya farasi kila mwaka, na akaeleza kwamba walikufa upesi kwa sababu wenyeji hawakujua kuwatunza: waliwalisha wali na nyama iliyopikwa. Biashara ikanoga kwa sababu hiyohiyo. Muuzaji hana haraka ya kumfundisha mnunuzi kulisha.

Sasa nirudi 1895 kwa mara ya tatu, na samahani kwa kuupenda mwaka huu. Wakati Bruce yuko Zululand na Whitehouse anajiandaa kuja Mombasa, jimboni Kansas, Marekani, daktari wa mifugo Nelson Mayo alichapisha taarifa kuhusu ng'ombe waliokufa ghafla baada ya kula mabua ya mahindi. Hapakuwa na inzi wala homa. Ndani ya mabua alikuta chembe nyeupe, na zilipopimwa zikawa shura.

Shura tunaijua pwani. Ni ile chumvi ya kutengenezea baruti, ukiichanganya na salfa na makaa. Mizinga ya Fort Jesus ililia kwa shura kwa zaidi ya karne mbili. Kwa kemia ni nitrati ya potasiamu, na nitrati ni chakula cha kawaida cha mmea: mzizi huivuta kutoka ardhini, na jua linapowaka jani huigeuza kuwa protini. Tatizo huanza mmea unapovuta kuliko unavyoweza kutumia. Ukame ukiudumaza, mawingu yakifunika jua siku kadhaa, ama udongo ukiwa umejaa mbolea na samadi, nitrati hurundikana kwenye shina, hasa sehemu ya chini. Mmea hauumwi. Unapendeza, tena ni kijani kuliko jirani zake. Methali yetu inasema tembo wakipigana ziumiazo nyasi. Mayo alikuta nyasi nazo zinajua kuumiza.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kueleweka zinaumizaje. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Wyoming na Colorado, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa hei ya oti, na watafiti wakafuata mkondo mzima. Bakteria wa tumboni huigeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti ikiingia kwenye damu huiharibu himoglobini, ile inayobeba oksijeni, ikabaki haina uwezo wa kubeba kitu. Mnyama anapumua kwa nguvu, hewa inaingia mapafuni, lakini mwilini haifiki. Ufizi unageuka buluu, halafu kahawia. Anatetemeka, anayumba, anaanguka. Ukimtoboa, damu ina rangi ya chokoleti. Yaani anazama nchi kavu.

Kwa haki lazima niseme farasi na punda wana nafuu kuliko ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo la kwanza ambalo ni pipa la bakteria, nitriti hutengenezwa huko haraka na kwa wingi. Punda hana pipa hilo. Bakteria wake wako nyuma, utumbo mpana, na sehemu kubwa ya nitrati huwa imeshanyonywa ikiwa bado nitrati. Kwa hiyo wafugaji wengi wa farasi husikia habari ya nitrati wakapunga mkono. Ni ugonjwa wa ng'ombe, husema.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Mombasa inapoingia. Nitriti haihitaji tumbo. Inahitaji bakteria, unyevu na joto, na vitu vitatu hivyo vyote utavikuta ndani ya gunia. Wafugaji wa nguruwe wa Ulaya walijifunza hivyo kwa uchungu: walichemsha mizizi na majani, wakaacha sufuria ipoe usiku kucha, asubuhi nguruwe wakala wakafa. Nguruwe naye hana tumbo la ng'ombe. Sumu ilikuwa imeshaiva sufuriani.

Sasa fikiria mabaki ya soko. Marikiti, ambayo kwa jina rasmi la zamani ni soko la huyohuyo Mackinnon wa kireli kilichoshindwa, na Kongowea ng'ambo ya daraja la Nyali, hutoa kila siku rundo la majani: mchicha ulionyauka, majani ya kabichi, maganda, mabua ya mahindi mabichi. Kwa mwenye punda wa mkokoteni au mbuzi wa uani, hiyo ni riziki. Nyasi kavu zinanunuliwa kwa marobota yaliyotoka mbali, haya ni ya bure. Na mchicha, hasa ule wa porini unaoota penye jalala na nyuma ya vyoo, ni mmoja wa mimea inayorundika nitrati kuliko yote. Mtama na nyasi za tembo nao wamo. Ukiyabana majani mabichi kwenye gunia la plastiki, ukayaacha juani Machi, ukayagusa jioni yakawa ya moto, ujue bakteria wameshaanza kazi. Punda aliyeshinda njaa akimwagiwa gunia lile lote, ule unafuu wake kuliko ng'ombe umekwisha.

(Mchicha wako wa nazi usiutupe. Mtu mzima akila mboga mbichi ya leo, ikapikwa leo, hana la kuogopa. Tunazungumza juu ya mnyama anayekula kilo nyingi za kitu kimoja kwa pigo moja.)

Jambo linalonivutia ni kwamba pwani ina elimu kubwa ya sumu za mimea. Hakuna bibi asiyejua kwamba kisamvu hakiliwi kibichi, kwamba lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwamba kuna muhogo mchungu unaolowekwa na kuanikwa kwanza. Wafugaji nao wanajua mtama mchanga ulionyauka ni hatari, uache ukauke. Maarifa hayo ni sahihi, ila ni ya sumu nyingine, sayanidi, ambayo huruka mmea ukitwangwa au ukikauka. Nitrati hairuki. Majani yenye nitrati ukiyaanika, unapata nyasi kavu zenye nitrati ileile, na zinaweza kukaa nayo ghalani miezi. Mtu mwenye busara ya zamani anafanya kila kitu kwa utaratibu, na mnyama bado anakufa. Hapo ndipo huanza kutafutwa jirani mwenye jicho.

Kuzuia hakuna uganga, na karibu kote ni bure. Mvua za kwanza za masika zikishuka baada ya kiangazi, mimea hunywa nitrati kwa fujo, basi majani yale mapya yasikatwe kwa wiki moja mpaka mbili. Ukikata mtama, mahindi au nyasi za tembo, acha shina la chini shambani, kiasi cha shubiri moja au mbili, maana huko ndiko shura iliko. Kata alasiri ya siku ya jua, si alfajiri wala siku ya mawingu. Majani ya soko yatandazwe kivulini penye upepo, yaliwe siku hiyohiyo, na yaliyopata joto yatupwe bila huruma. Punda apewe kwanza nyasi kavu anazozijua, ndipo majani mabichi, kidogo kidogo. Njaa ndiyo inayogeuza kiasi cha kawaida kuwa kiasi cha kuua. Anayenunua malisho kwa wingi anaweza kuyapima maabara: kwa ng'ombe, nitrati chini ya nusu asilimia ya uzito mkavu huhesabiwa salama kwa jumla. Na mnyama akishaanza kuyumba na ufizi kubadilika rangi, muondolee chakula, usimkimbize, mwite daktari wa mifugo. Dawa ipo, methilini ya buluu, inapigwa mshipani, lakini inafaa ikiwahi, na haifai mikononi mwa mtu anayekisia.

Lamu, ambako punda ndiye gari, shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kituo mwaka 1987, na mwenye punda anaweza kumpeleka akatibiwa. Mombasa kisiwani punda ni wachache, mizigo ya mjini imebaki kwa hamali na tuktuk, na labda ndiyo maana chakula cha wale waliobaki hakina anayekiwaza.

Lakini kuna jambo la mwisho, na hili silo la punda peke yake. Nitrati haikai kwenye majani tu. Huyeyuka majini, na kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo. Kabla ya mabomba ya Marere na Mzima, Mji wa Kale uliishi kwa visima: vya nyuani, vya misikitini, vya mtaa. Nyumba hizohizo zilichimba vyoo vya shimo kwenye mwamba huohuo. Kinachotoka chooni huoza, huwa nitrati, hushuka na mvua, hufika kisimani. Mji ukijaa watu, visima havikuongezewa umbali. Na kwa kuwa bomba linakatika siku kwa siku, visima havijafa. Maji yake yanauzwa kwa mtungi wa lita ishirini, yanaletwa mlangoni kwa mkokoteni, wa mtu au wa punda.

Mwaka 1945, Iowa, Marekani, daktari Hunter Comly alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka buluu bila ugonjwa wa moyo. Maziwa yao ya unga yalikuwa yamekorogwa kwa maji ya kisima, na kisima kilikuwa na nitrati. Ni mkondo uleule wa ng'ombe wa Kansas, katika mwili wa kilo nne. Shirika la Afya Duniani leo limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watoto hao. Mama mwangalifu huyachemsha maji kwanza, na anafanya vyema, vidudu vinakufa. Nitrati haifi. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, inayobaki imekolea zaidi.

Kwa mnyama, maji na majani hujumlishwa. Gunia lisingemuua peke yake, ndoo isingemuua peke yake, na mwenyewe akaapa kwamba hakubadilisha chochote. Ndiyo maana anayepima malisho apime na kisima. Vipo vijikaratasi vya kuchovya vinavyopima nitrati: unachovya, unangoja kama dakika moja, unalinganisha rangi na ile iliyochapishwa kwenye chupa. Rangi ikija waridi iliyokolea, maji yale ni ya kufulia na kuoshea uwanja. Ya punda yachukuliwe kwingine, na ya chupa ya mtoto vilevile.